Firigisi ya Bibi Kalunde

Sogeeni karibu. Mwenye kikombe akiweke chini, mwenye simu ailaze kifudifudi, maana hadithi hii mimi nitaifikisha mlangoni tu. Wa kuiingiza ndani ni ninyi. Nimeipata kwa mtu aliyekuwapo siku ya karamu yenyewe. Ni mtu wa kuaminika, ila ana kinyongo kidogo, kwa sababu siku hiyo yeye aliambulia shingo ya kuku.

Huko Tabora walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Atupele, binti wa Kinyakyusa aliyeletwa na kazi kutoka Tukuyu. Kipaji chake kilikuwa haraka. Alitembea haraka, alikula haraka, hata kusali alisali haraka, akisema Mungu si kiziwi wa kurudiwarudiwa. Kazi yake ilikuwa kupiga picha katika hospitali moja ambayo jina lake nitakaa nalo mwenyewe, kwenye mashine ya MRI, ile ya sumaku yenye umbo la pipa kubwa lililolazwa, ambayo humwona mtu ndani bila kumchana hata ukucha.

Wa pili ni Daktari Rweyongeza, Mhaya mrefu mwenye miwani, ambaye kazi yake ilikuwa kuzisoma picha hizo. Kipaji chake kilikuwa shaka. Ukimwambia, "Daktari, kumekucha," anakwenda dirishani kuhakikisha. Wauza nyanya wakimwona anakuja walifunika mafungu yao, kwa sababu angeligeuza kila tunda mpaka liive mkononi mwake, kisha anunue vitunguu.

Wa tatu ni Mzee Chaurembo, Mzaramo wa Kisarawe aliyekuja Tabora na kazi ya reli, akastaafu, akasahau kurudi kwao. Kipaji chake kilikuwa mdomo. Ninyi mnajua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara. Mtani anaweza kukutania hata msibani kwako, anaweza kuivua kofia yako akaivaa yeye, nawe huna ruhusa ya kununa. Asiyejua atadhani wanatukanana. Anayejua anajua kwamba huo ni undugu, tena wa kazi ngumu, kwa sababu ndugu wa kawaida anaweza kukukalia kimya lakini mtani hawezi.

Na mtani wa Mzee Chaurembo alikuwa Bibi Kalunde, Mnyamwezi, muuza asali, mjane wa rafiki yake wa relini. Nimpende nisimpende, lazima niseme ukweli: nampenda sana bibi huyu, ingawa sijapata kumwona. Asali yake aliipeleka kwa miguu nyumba kwa nyumba, dumu kichwani, mikono ikining'inia huru. Hakuamini asali iliyopanda gari. Alisema inatikisika inapoteza akili. Mji mzima ulimjua kwa mwendo wake, na mwenyewe alijijua kwa mwendo huohuo.

Basi siku moja Bibi Kalunde alirudi nyumbani kutoka sokoni akiwa amevaa kandambili moja. Nyuma yake alikuja Mzee Chaurembo, ya pili kaishika mkononi.

"Mnyamwezi, umeanza kutaga kandambili njiani?" akamtania.

Bibi akacheka, akaangalia chini, akaona mguu peku. Kisha akaona damu. Alikuwa amekanyaga kigae cha chupa akatembea nacho mpaka nyumbani, na hakusikia kitu. Alipoinua macho alimkuta mtani wake hacheki tena.

Hospitali walimpima. Miguu yote miwili ilikuwa imeanza kufa ganzi, na kiuno kilimuuma. Wakasema huenda kuna kitu kinabana mishipa ya fahamu mgongoni. Kama kipo, kitolewe upesi, la sivyo miguu italala isiamke tena. Kama hakipo, kumpasua mwanamke wa umri ule, mwenye pumu, ni kumtafutia kifo kwa mkono wetu. Daktari bingwa wa migongo alikuwa amekuja kutoka mbali kwa wiki hiyo tu, na Ijumaa angefanya upasuaji wa mwisho aondoke. Ilikuwa Jumatatu. Kilichotakiwa ni picha.

Picha ya taratibu, ambayo kila mtu anaiamini, huchukua karibu nusu saa kwa kiuno peke yake, na mgonjwa hatakiwi kutikisika hata kidogo. Mzee Chaurembo alimsindikiza mtani wake, akakaa na Atupele upande wa pili wa kioo. Bibi Kalunde alikuwa anaogopa lile pipa. Atupele, kwa moyo mwema, akamsogezea mzee kipaza sauti: "Mzee, mtie moyo kidogo."

Mnaona kosa hilo? Kumpa Mzaramo kipaza sauti, na Mnyamwezi amelala hawezi kukimbia!

"Mtani!" mzee akaanza. "Hilo pipa wamelitengeneza makusudi kwa ajili ya asali. Wakikukamua wasipate hata kijiko, mimi nitasema nilijua siku zote unaweka sukari!"

Bibi Kalunde alicheka. Alijitahidi kuzuia, na ninyi mnajua kicheko kinachozuiwa kinavyofanya: kilimtikisa kutoka tumboni mpaka kisogoni. Picha ikatoka kama uso kwenye ndoo ya maji iliyopigwa teke. Mzee akafukuzwa, akaenda kukaa kwenye benchi la nje, kofia mapajani.

Jumanne wakajaribu tena, mara hii bila mtani. Hakucheka. Lakini kulala chali kimya kulimwasha moto kiunoni, na kabla ya nusu ya muda akageuka ubavu, akalia. Picha ya pili ikaharibika. Dawa ya usingizi hawakuthubutu kumpa kwa sababu ya ile pumu.

Hapo ndipo kipaji cha Atupele kilipotakiwa.

Mashine ile ilikuwa imewekewa njia mpya ya kupiga picha kwa haraka. Badala ya kukusanya habari zote za mwili, inakusanya sehemu tu, na kompyuta, iliyokwisha kujifunza kwa picha nyingi za zamani, inajazia zilizobaki. Atupele aliipenda njia hiyo kama mtu anayempenda pacha wake. Alikuwa ameisoma mpaka akajua pa kuibana na pa kuilegeza. Ila hospitali ilikuwa bado inaipima, na amri ilikuwa moja: hakuna mtu atakayepasuliwa kwa neno la picha ya haraka peke yake.

"Bibi, shikamoo, lala hapa, vuta pumzi, nakwenda narudi," Atupele alisema Jumatano asubuhi, yote kwa pumzi moja.

Kwa kuwa alikuwa na haraka, alikuwa na nafasi. Hakupiga kiuno tu. Alipiga mgongo mzima, kuanzia shingoni hadi mkiani, kitu ambacho kwa njia ya taratibu bibi yule asingekiweza hata kwa kufungwa kamba. Bibi Kalunde alipoanza kukunja uso kwa maumivu, kazi ilikuwa imekwisha, na Atupele anamfungia khanga.

Picha zilitoka safi. Kiunoni, pale palipouma, pale kila mtu alipopashuku, hapakuwa na kitu ila uzee wa kawaida. Lakini juu, katikati ya mgongo, mahali ambapo hakuna aliyeomba paangaliwe, palikuwa na kivuli kidogo. Kilikuwa hafifu, kama doa la chai kwenye kitambaa kilichofuliwa.

"Nimekipata!" Atupele akasema, akaondoka mbio na habari.

Hapo sasa kikaja kipaji cha Daktari Rweyongeza.

Daktari alivuta kiti, akaomba chai, akaipuliza, ingawa ilikuwa imekwisha kupoa. Aliangalia kivuli kwa muda mrefu sana. Atupele alisimama nyuma yake akibadilisha miguu.

"Ni kizuri," daktari akasema mwishowe. "Sikiamini."

"Daktari! Bibi wa watu miguu inakufa. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na haraka haraka haina baraka. Kaa chini, binti."

Sasa niwaambie shaka yake ilitoka wapi, msije mkadhani ni ukaidi wa Kihaya tu. Miezi yote iliyopita, watu walikuwa wameombwa walale kwenye pipa mara mbili: mara moja kwa picha ya haraka, mara moja kwa picha ya taratibu. Alikuwamo padri mmoja mnene, mwalimu mstaafu, na mama mmoja muuza dagaa aliyefunga genge lake siku nzima kwa ajili hiyo. Wao wenyewe hawakupata faida yoyote. Waliazima migongo yao tu. Atupele alizificha alama za picha akazichanganya, na daktari akazisoma asijue ipi ni ipi wala ya nani, kisha wakalinganisha majibu. Mara nyingi sana picha mbili zilisema neno moja. Lakini mgongo wa padri, picha ya haraka ilionyesha kivuli, na ya taratibu ikaonyesha hakuna kitu. Na mgongo wa muuza dagaa, palikuwa na kijiuvimbe cha kweli ambacho picha ya haraka ilikilainisha kikafifia, nusura kipotee.

Alhamisi asubuhi daktari alikwenda mwenyewe kitandani kwa Bibi Kalunde kumweleza.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Niambie, nina ugonjwa au sina?"

"Picha inasema huenda unao. Lakini picha hii ya haraka ni kama mtu aliyesikia nusu ya maneno, nusu nyingine anamalizia mwenyewe. Mara nyingi anapatia. Shida yake ni kwamba hata akikosea, anasema kwa sauti ileile ya kujiamini."

"Kama Mzaramo," Bibi Kalunde akasema.

Daktari akacheka, kitu ambacho wauguzi walikizungumzia wiki nzima. Kisha akamweleza lililobaki. Sasa walijua pa kuangalia. Hawakuhitaji tena mgongo mzima wala nusu saa ya kiuno. Walihitaji picha ya taratibu ya sehemu ile ndogo tu, muda wa kuchemsha chai na kuinywa, lakini bila kutikisika hata unywele. Ikionyesha kivuli kilekile, bingwa atapasua kesho yake. Isipoonyesha, hakuna atakayemgusa kwa kisu.

Bibi Kalunde akageuza uso ukutani. "Sirudi kwenye pipa. Nimelala mara tatu, na mgongo wangu unawaka. Kama miguu inataka kwenda, acha iende."

Daktari alikuwa na shaka lakini hakuwa na dawa yake. Atupele alikuwa na haraka, na haraka hapo haikufaa kitu. Alhamisi ilikuwa imekwisha kuingia mchana.

"Yupo aliyemchekesha," Atupele akasema. "Anayejua kuwasha anajua kuzima."

Akatoka kwenda kwenye benchi la nje.

Basi na Mzee Chaurembo naye akaleta kipaji chake. Alikuwa amekaa pale tangu Jumatatu, anakuja asubuhi, anaondoka jioni. Alidhani yeye ndiye aliyeiua miguu ya mtani wake kwa mdomo wake. Atupele alipomweleza, alisimama, akavaa kofia, akaingia wodini kama mtu anayekwenda kudai mahari.

"Nimekuja kukuaga, mtani," akasema. "Nasikia umeshindwa."

Bibi hakugeuka.

"Nitawaambia nini watu wa pwani? Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hapa mpaka baharini, juani, mvuani, hawakutua. Wewe umeshindwa kubeba mgongo wako mwenyewe kwa muda wa kunywa chai! Tena umelazwa! Hata kuubeba hubebi, kitanda ndicho kinaubeba!"

Ukutani ikasikika sauti: "Na babu zako walikuwa wapi? Walikaa kivulini wakitusubiri, watuuzie dafu moja kwa bei ya matatu."

"Waliuza, na mlinunua. Sasa sikiliza. Nitaingia nawe chumbani. Sitasema neno. Nitakushika kidole gumba cha mguu. Kikitikisika tu, nimeshinda, na soko zima litajua. Usipotikisika, nitabeba dumu lako la asali kichwani, nizunguke nalo mji mzima, nikitangaza kwamba mimi Chaurembo ni mpagazi wa Wanyamwezi."

Bibi Kalunde akageuka polepole. "Kichwani, sio begani?"

"Kichwani."

"Na utatangaza kwa sauti?"

"Mpaka stesheni wasikie."

"Nipelekeni kwenye pipa," akasema bibi.

Sumaku ya mashine ile haitaki chuma karibu yake, kwa hiyo Atupele alimvua mzee saa, funguo, sarafu, na mkanda wenye kifungio kikubwa cha shaba na chuma aliouvaa tangu enzi za reli. Bila mkanda, suruali ilitaka kushuka. Ndivyo alivyoingia: mkono mmoja umeshika suruali, wa pili umeshika kidole gumba cha mtani wake, masikio ameyaziba kwa pamba. Mashine ikaanza kugonga. Mzaramo akakaa kimya. Wanaomjua wanasema hilo peke yake lilistahili kuandikwa gazetini. Bibi Kalunde alifumba macho, na mgongo ulipowaka aliwafikiria babu zake njiani, mmoja mmoja, na mizigo yao. Hakutikisika.

Walipomvuta nje alikuwa anatabasamu. "Mwoga we! Ulisema utanishika kidole. Mbona hukunishika?"

Mzee Chaurembo alimwangalia. "Nimekushika tangu mwanzo, mtani."

Bibi akajiinua, akatazama mguu wake. Kidole kilikuwa bado mkononi mwa mzee, na juu ya ngozi palikuwa na alama za kucha, pale alipombana. Hakuna aliyemtania mwenzake hapo. Atupele aligeukia kioo, akajifanya anafuta vumbi.

Picha ya taratibu ilikionyesha kivuli, mara hii kina mpaka na umbo: uvimbe mdogo kama punje ya karanga, umeukalia uti wa mgongo kama abiria asiyetaka kushuka. Daktari Rweyongeza aliitazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. "Naamini," akasema. Atupele anasema hajapata kumsikia akilitumia neno hilo kabla wala baada.

Ijumaa bingwa aliutoa. Haukuwa wa ile aina mbaya. Lakini hakuahidi miguu. Alisema, "Tusubiri."

Wakasubiri. Kila asubuhi Mzee Chaurembo alikuja wodini, akakaa upande wa miguuni, akasoma gazeti la juzi kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akabana kidole gumba. Bibi hakusikia kitu. Mpaka asubuhi moja, katikati ya habari za mpira, sauti ikatoka upande wa kichwani:

"We Mzaramo, toa mkono wako hapo. Una kucha kama za kenge."

Gazeti likaanguka. Mzee alitafuta tusi la kujibu, akalitafuta tena, halikuja. Alivua kofia akajifunika nayo uso, na mabega yake yakatikisika. Alilia, jamani, msione haya kwa niaba yake, yeye mwenyewe haoni.

Mvua za kwanza zilipoanguka, Bibi Kalunde alikwenda sokoni kwa miguu yake, akachagua jogoo, akarudi naye kwapani. Mbele yake alitembea Mzee Chaurembo, dumu la asali kichwani, shingo imekakamaa, akitangaza kila kona kwamba yeye ni mpagazi wa Wanyamwezi. Watoto waliimba nyuma yake. Alimwaga asali kidogo karibu na stesheni na anataniwa kwa hilo mpaka leo.

Bibi akapika kuku kwa karanga, akasonga ugali, akawaita wote watatu, na majirani wachache, pamoja na huyo mtu wangu wa shingo. Na sasa ndipo matata yalipoingia.

Kuku ana mapaja mawili, ana mabawa mawili, lakini ana firigisi moja. Ninyi mnajua firigisi haiendi kwa mtu ovyo. Marehemu mume wa Bibi Kalunde ndiye aliyekuwa akiila, na tangu afe haikuwa imepewa mtu mwingine. Bibi alikuwa akiichemsha na kuiacha chunguni mpaka mwisho. Siku hiyo alisema mbele ya wote kwamba itakwenda kwa yule aliyemrudishia miguu yake. Jirani mmoja akasema ikatwe vipande vitatu. Bibi akamkazia macho. "Heshima ukiikata vipande," akasema, "inabaki mboga."

Atupele, mwenye haraka, akaanza. "Bibi, kila mtu alikuwa anatazama kiuno. Bila picha yangu ya haraka, nani angeangalia kule juu? Mngesubiri mpaka leo mkipiga kiuno, kiuno, kiuno, na uvimbe umekaa ghorofani unawacheka."

"Ni kweli," daktari akasema. "Lakini kivuli chako kilikuwa mdomo usio na shahidi. Padri alikuwa na kivuli kama hicho, na hakikuwa kitu. Tungempasua bibi kwa kivuli tu, siku moja tungempasua mwingine kwa kivuli kisichokuwapo. Aliyetenganisha kudhani na kujua ni nani?"

"Ni wewe," akasema Mzee Chaurembo. "Ila shaka yako ungebaki nayo, mwanangu, unaipuliza kama chai. Bibi alikuwa amegeukia ukutani! Nani aliyemgeuza?"

"Na nani aliyemchekesha Jumatatu, tukapoteza siku?" Atupele akamrukia.

"Na nani aliyenipa kipaza sauti?"

Hapo wote wakacheka, hata daktari, na Atupele akaziba uso kwa mikono. Kicheko kilipotulia, daktari akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, ukinipa mimi, nitaomba niifunge kwenye jani nimpelekee yule mama wa dagaa. Shaka yangu aliifundisha yeye. Alifunga genge, akalala mara mbili, na hakukufahamu."

"Huyo nitampelekea asali mwenyewe, kwa miguu," Bibi Kalunde akasema. "Na padri, na mwalimu. Lakini firigisi ni ya walio mezani."

Alikuwa amesimama muda wote huo, upawa mkononi, na firigisi juu ya upawa, mchuzi unadondoka. Atupele akasogeza kigoda. "Bibi, kaa basi, uamue umekaa. Utachoka."

"Sikai," bibi akasema. "Niacheni nisimame. Nilikuwa nimesahau utamu wake."

Akawatazama. Mmoja alikuwa ameona upesi pale ambapo hakuna aliyetazama. Mmoja alikuwa amekataa kuamini mpaka ukweli uthibitike. Mmoja alikuwa amemshika kidole kisichosikia, akakishika hivyohivyo mpaka kikasikia. Akiondolewa yeyote kati yao, asingekuwa amesimama pale.

Hapo ndipo nilipoiacha hadithi, na Bibi Kalunde amesimama, na firigisi inapoa. Mtu wangu alinitajia sahani ambamo hatimaye firigisi iliwekwa, lakini mimi siwaambii, kwa sababu mwenye shingo ya kuku hawezi kuwa hakimu wa firigisi, na mimi sikupata hata shingo. Ninyi mmeshiba, mna akili zenu. Basi upawa nawapa ninyi: je, wewe ungeiweka kwenye sahani ya nani?